Yuniti moja kwa paka: bomba gani, kalamu gani, au kalipa?

Tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Yuniti moja ya insulini ya U-100, ile inayouzwa kwenye kemisti zetu kwa ajili ya binadamu, ni mililita 0.01. Kwa hiyo paka aliyeandikiwa yuniti moja asubuhi na moja jioni hupewa, kila mara, sehemu moja ya tano ya tone. Mtu mzima anayejidunga yuniti 30 akizidisha moja, amekosea kwa asilimia tatu hivi, na pengine asijue kabisa. Paka akizidishiwa moja, amepewa dozi maradufu.

Nina zaidi ya miaka miwili namdunga Simsim. Ni dume aliyehasiwa, mnene, mkazi wa baraza yetu hapa Mombasa. Alipoanza kumaliza maji ya bakuli na kuhamia kwenye ndoo, huku akikonda mgongo, nilidhani ni figo. Daktari wa wanyama alimpima akasema ni kisukari. Swali langu la kwanza lilikuwa insulini ipi ni bora. Lingefaa liwe la tatu. La kwanza ni hili: hiyo yuniti moja nitaipima kwa chombo gani?

Hapa nalinganisha vyombo. Dozi yenyewe simpangii mtu. Hiyo ni ya daktari wa paka wako, na haibadilishwi nyumbani kwa kuotea.

Kwanza niseme nilichokuwa sikielewi. Daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi yuniti moja kwa paka kila baada ya saa 12, kisha huipandisha au kuishusha kwa kuangalia sukari inavyokwenda. Sasa, kama bomba lako la sindano lina tabia ya kuzidisha kidogo, na linazidisha kidogo kilekile kila siku, daktari ataishia kuihesabu ile ziada bila kuijua. Ni kama mizani ya duka inayoiba gramu 50 kila siku: ukishaijua tabia yake unajua uagize kiasi gani. Mizani inayoiba 50 leo na kuongeza 80 kesho, hata kwa wali huwezi kuitegemea. Kwa paka, kosa linalojirudia lilelile linavumilika. Kuyumba ndiko kunakotesa: leo 0.7, kesho 1.4, keshokutwa kiputo cha hewa. Sukari inapanda na kushuka, daktari anabadilisha dozi akidhani ni mwili wa paka, kumbe ni mkono wako.

Kwa hiyo katika kila chombo hapa chini natafuta jambo moja: je, nikipima mara kumi, nitapata kitu kimoja mara kumi?

Kifuniko chekundu na kifuniko cha machungwa

Kabla ya ukubwa wa bomba, kuna nguvu ya insulini. U-100 ina yuniti 100 katika kila mililita. U-40 ina yuniti 40. Insulini nyingi za binadamu hapa kwetu ni U-100: Lantus, Insulatard, Actrapid, Mixtard. Zile zilizotengenezwa mahususi kwa wanyama, Caninsulin ya MSD (Marekani huitwa Vetsulin) na ProZinc ya Boehringer Ingelheim, ni U-40. India bado wanauza insulini ya binadamu ya U-40 kwenye vichupa, na mabomba ya kuendana nayo. Kwa hiyo mzigo ukitoka huko, angalia mara mbili.

Mabomba ya U-100 kwa kawaida huwa na kifuniko cha rangi ya machungwa, na ya U-40 kifuniko chekundu. Ni desturi nzuri, lakini usiitegemee. Soma maandishi kwenye bomba lenyewe.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwezi wa nne wa matibabu nilikosa mabomba niliyoyazoea, nikanunua pakiti ya vifuniko vyekundu. Niliyapenda: mistari imeachana vizuri, inasomeka bila miwani. Saa kumi na mbili asubuhi nikavuta insulini yangu ya U-100 hadi alama ya 1. Alama ya 1 kwenye bomba la U-40 ni mililita 0.025, na ndani ya ujazo huo insulini ya U-100 ina yuniti 2.5. Adhuhuri haijafika, Simsim alikuwa anapepesuka, macho yamemtoka, miguu ya nyuma haimtii. Nikampaka asali kwenye ufizi, kidogokidogo, nikampigia daktari, tukakimbia naye. Alipona. Pakiti ilikuwa imeandikwa U-40 kwa herufi kubwa. Mimi ndiye sikusoma.

Kosa la upande wa pili ni la kimyakimya, na kwa hiyo lina hila zaidi. Insulini ya U-40 ukiipima kwa bomba la U-100 hadi alama ya 1, paka anapata yuniti 0.4 tu. Haanguki. Sukari inabaki juu, daktari anapandisha dozi, inapanda tena, na siku mtu mwingine nyumbani akinunua bomba sahihi, ile dozi iliyopandishwa inamwingia paka nzima.

Sasa ulinganisho wenyewe. Kwa upande wa kupima, U-40 ina ubora ambao si wa kubishaniwa: yuniti ileile inachukua ujazo mara mbili na nusu, kwa hiyo kwenye bomba lenye unene uleule mstari mmoja unakuwa mbali na mwenzake mara mbili na nusu. Mkono unaotetemeka kidogo unasamehewa. Kwa upande wa kupatikana, kwetu U-100 inashinda bila mchezo. Iko kila kemisti kubwa, na mabomba yake pia. U-40 mara nyingi inamaanisha mtu anayesafiri, mfuko wa barafu, na maombi kwamba ndege isichelewe. Walioko Uingereza hali yao ni tofauti: Caninsulin na ProZinc ndizo zilizosajiliwa kwa paka huko, kwa hiyo daktari huanzia hapo. Marekani wengi huandikiwa Lantus.

Kuna ujanja ambao wafugaji wazoefu huutumia kwa makusudi: kuvuta U-40 kwa bomba la U-100 na kuzidisha kwa 2.5. Yuniti 1 inakuwa alama 2.5, yuniti 2 inakuwa alama 5. Kila mstari wa U-100 unakuwa yuniti 0.4, na nusu mstari 0.2, kwa hiyo unaweza kupima vipande vidogo sana. Hesabu ni sahihi. Ila mimi siwezi kuupendekeza kwa nyumba yenye zaidi ya mdungaji mmoja. Siku ukiugua, nani atakumbuka kuzidisha? Kama daktari wako amekubali, bandika jedwali kwenye mlango wa friji, na liandikwe "vuta hadi alama", lisiandikwe "yuniti".

Mabomba manne kwenye meza moja

| Bomba | Ujazo wote | Mstari mmoja | Kwa dozi ya yuniti 1 |
|---|---|---|---|
| U-100, ml 1 | yuniti 100 | mara nyingi yuniti 2 | inakaa katikati ya 0 na mstari wa kwanza. Ni kukisia |
| U-100, ml 0.5 | yuniti 50 | yuniti 1 | inasomeka, nusu ni kukisia |
| U-100, ml 0.3 | yuniti 30 | yuniti 1, au nusu yuniti | inasomeka vizuri. Ya nusu yuniti ni bora |
| U-40, ml 0.3 | yuniti 12 | nusu yuniti kwa baadhi ya aina | inasomeka kuliko zote |

La mililita 1 ndilo utakalopewa kwanza ukisema tu "nipe sindano za insulini", kwa sababu ndilo linalotumiwa na wagonjwa wengi. Kwa paka likatae. Si kwamba ni bovu. Limetengenezwa kwa mtu wa yuniti 40. Kupima yuniti moja humo ni kama kupima kijiko cha chumvi kwa debe.

Lipo pia bomba la mililita 1 lisilo la insulini, la sindano ya kuchomoa, linalotumika kwa kipimo cha kifua kikuu. Mistari yake ni ya mililita 0.01, na mtu akiona hivyo husema, basi kila mstari ni yuniti moja ya U-100, tatizo liko wapi? Liko kichwani mwa sindano. Kuna nafasi pale inayobaki na dawa baada ya kusukuma, na nafasi hiyo inaweza kuzidi dozi yote ya paka. Mabomba ya insulini yameshikamanishwa na sindano yake moja kwa moja ili nafasi hiyo iwe ndogo mno.

Kati ya 0.5 na 0.3 watu hudhani tofauti ni ujazo tu. Tofauti ni wembamba. Bomba la 0.3 ni jembamba zaidi, kwa hiyo dawa ileile inasimama kwa urefu mkubwa zaidi, na mistari inaachana. Chukua rula ujionee: kwenye 0.3, yuniti moja ni zaidi ya milimita moja kidogo. Ndiyo, milimita moja. Huo ndio uwanja mzima tunaochezea.

Lenye alama za nusu yuniti ndilo ningemwambia kila anayeanza alitafute. Angalia jambo moja kabla hujalipa: kwenye baadhi ya aina, mistari ya nusu iko upande mmoja wa bomba na ya yuniti nzima upande wa pili. Mara ya kwanza inachanganya. Usilivue pakiti ukiwa na paka mapajani. Kaa nalo kwanza mezani na kikombe cha maji, uvute mara ishirini.

Na uvute hivi, maana mkono mbaya huharibu bomba zuri. Vuta kupita alama, tuseme hadi 5, gonga pembeni kwa kucha ili viputo vipande juu, visukume virudi kwenye kichupa, kisha shuka taratibu hadi 1. Kila siku shuka; usiifikie alama kwa kupanda leo na kwa kushuka kesho, kwani mpira hunata na kuruka. Soma kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na sindano, bomba likiwa usawa wa jicho. Mpira ukiwa na kichwa kilichochongoka, soma pete inayogusa ukuta wa bomba, usisome ncha. Mwenye macho mazito apige picha kwa simu aikuze. Mimi hufanya hivyo kila asubuhi, wala sioni haya.

Kiputo cha hewa chenyewe chini ya ngozi hakimdhuru paka. Kinachodhuru ni nafasi kilichokalia. Kiputo kinachoziba bomba la 0.3 kwa urefu wa milimita moja kinakaribia kuwa dozi nzima.

Na bomba moja ni la dungo moja. Sindano hupoteza makali, paka huanza kukuchukia, na mistari hufutika vidoleni. Mstari uliofutika ni hasara kubwa kuliko bei ya bomba jipya.

Kalamu

Kalamu ya insulini, kifaa chenye umbo la kalamu na dawa ndani yake, ina raha yake. Unazungusha, unasikia mlio, unasukuma. Haina kukodoa macho, haina kiputo cha kugonga. Kwa mtu mzima anayemtunza paka wake peke yake, macho hayaoni mistari, kalamu inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kweli.

Lakini kalamu nyingi za kutupa, kama SoloSTAR ya Lantus, huruka kwa yuniti nzima. Paka akiandikiwa 1.5, huna pa kusimama. Zipo zinazoruka kwa nusu yuniti, zilizotengenezewa watoto zaidi: NovoPen Echo ya Novo Nordisk, JuniorSTAR ya Sanofi. Hizi hutumia katriji (vichupa vyembamba vya dawa vinavyoingia ndani ya kalamu) za kampuni zao, kwa hiyo huchagui kalamu peke yake. Unachagua kalamu na insulini kwa pamoja. MSD nao walitengeneza VetPen kwa ajili ya Caninsulin, za aina mbili: ya yuniti 8 inayoruka kwa nusu, na ya yuniti 16 inayoruka kwa moja. Kwa paka ni ile ya 8. Ukiletewa kama zawadi, hakikisha haikuja ya 16.

Kalamu ina masharti ambayo watu huyaruka. Kila mara unaweka sindano mpya na kutoa yuniti 2 hewani kwanza, ili kuondoa hewa na kuhakikisha njia iko wazi. Ukishasukuma dozi, unahesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Hesabu ya kumi, kwa paka! Simsim huvumilia nne. Akiruka kwenye tano, tone linabaki kwenye manyoya na hujui ameingiziwa kiasi gani. Kwa bomba, yuniti moja inaingia kabla hajageuza shingo. Hii ndiyo sababu kubwa iliyonirudisha kwenye bomba, ingawa kalamu niliipenda.

Watu hulalamika kwamba zile yuniti 2 za kutoa hewani ni hasara, maradufu ya dozi. Piga hesabu. Katriji ya mililita 3 ina yuniti 300, na maelekezo ya wenye Lantus ni kuitupa siku 28 baada ya kuifungua. Yuniti 1 mara mbili kwa siku, kwa siku 28, ni yuniti 56. Ukiongeza zile za hewani inakuwa 168. Bado unatupa 132. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000, na kwa masharti yaleyale unatupa 944. Kwa hiyo hata kama katriji ni ghali zaidi kwa kila yuniti, kwa paka ndiyo nafuu. Wapo madaktari wa wanyama wanaoruhusu iliyokaa friji wakati wote itumike zaidi ya hapo, maadamu haijabadilika rangi, muulize wako.

Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya tatu, ambayo wengi huifanya na watengenezaji hawaikubali: kununua kalamu au katriji na kuvuta ndani yake kwa bomba la 0.3, kana kwamba ni kichupa kidogo. Inafanya kazi, nami ndivyo nifanyavyo kwa ruhusa ya daktari wetu. Masharti yangu mawili. Kwanza, usisukume hewa ndani ya katriji kama unavyofanya kwenye kichupa, na kalamu ukishaivuta hivyo usirudi tena kuitumia kama kalamu, kwani hewa imeingia na vipimo vyake si vya kuaminiwa. Pili, soma nguvu. Toujeo ni insulini ileile, glagini, iliyomo kwenye Lantus, lakini ni U-300. Ukiivuta kwa bomba la U-100 hadi alama ya 1, umempa paka yuniti tatu. Toujeo haivutwi kwa bomba kabisa.

Kalipa

Kalipa ni kile chombo cha fundi cha kupimia unene wa chuma, siku hizi chenye kioo cha namba. Wafugaji wenye paka wa dozi za robo yuniti hukitumia hivi. Pima urefu wa mistari yote ya bomba, kutoka 0 hadi 30. Tuseme ni milimita 45. Basi yuniti moja ni milimita 1.5. Sukuma kisukumio mpaka mwisho, pima uwazi ulio kati ya masikio ya bomba na kichwa cha kisukumio, tuseme 6.20. Ukitaka yuniti 1.25, hiyo ni milimita 1.88 zaidi, kwa hiyo unafungia kalipa kwenye 8.08 na kuvuta mpaka iguse.

Kwa kurudia kitu kilekile, hakuna kinachoishinda. Lakini usisahau kwamba insulini yenyewe hainywewi na mwili kwa kasi moja kila siku, hata dozi ikiwa ileile. Kuna kiwango ambacho ukikipita unapima kwa ajili ya kujifurahisha. Kwa paka wa yuniti moja au mbili, kalipa ni kazi ya ziada, tena kila pakiti mpya inabidi uipime upya. Kwa paka aliyeshuka hadi robo yuniti, labda anakaribia kuachana na insulini kabisa (paka hufika huko, hasa waliowahiwa mapema na kupunguziwa wanga kwenye chakula), hapo kalipa inastahili bei yake.

Kalipa ya maskini ni bomba la mfano. Chukua bomba la aina ileile, vuta maji yenye rangi ya chakula hadi dozi kamili, ufanye kwa utulivu mchana kwenye mwanga, ukiwa na kioo cha kukuzia. Lifunike, lizungushie utepe, uandike SI DAWA. Kila asubuhi unaweka bomba la leo pembeni yake na kulinganisha. Mpwa wangu aliyekuwa akinishikia zamu alijifunza kwa siku moja. Maji hukauka na kuvuja, kwa hiyo tengeneza jipya kila wiki.

Ya maji na ya maziwa

Insulini yenyewe nayo inaingia kwenye upimaji, kwa mlango wa nyuma. Lantus ni angavu kama maji: unavuta, basi. Insulatard, Caninsulin na ProZinc ni kama maziwa yaliyochujuliwa. Dawa imeelea ndani, na isipochanganywa sawasawa, mstari mmoja wa leo haubebi kiasi cha mstari mmoja wa kesho. Insulatard na ProZinc huviringishwa taratibu kati ya viganja. Caninsulin hutikiswa vizuri hadi iwe sare. Usichanganye maelekezo hayo.

Kwa hiyo Lantus inakupunguzia sababu moja ya kuyumba. Pia hukaa mwilini mwa paka muda mrefu kuliko Insulatard, ambayo kwa paka wengi huisha kabla ya saa 12 kutimia. Insulatard ni rahisi na ipo kila mahali, na kwa wengine ndiyo inayowezekana; afadhali hiyo kuliko paka asipewe kitu. Mixtard, yenye asilimia 30 ya insulini ya haraka, ni ya kuogopwa: usimwekee paka kwa kuwa tu babu anayo kwenye friji.

Na usiipunguze makali Lantus kwa maji ili ipimike kwa urahisi. Kazi yake inategemea tindikali iliyomo. Inapoingia chini ya ngozi ndipo inapoganda na kuachia dawa polepole. Ukiichanganya na kitu, umeivunja kabla haijafika.

Joto nalipita haraka: iliyofunguliwa isizidi nyuzi 30, na Mombasa ya Februari huzipita nyuzi 30. Friji, mbali na sehemu ya barafu, na umeme ukikatika mtungi wa udongo wenye maji, dawa ikiwa ndani ya kopo kavu.

Ningechagua nini

Unayeanza, una insulini ya U-100, na daktari ameandika yuniti nzima au nusu: bomba la U-100 la mililita 0.3 lenye nusu yuniti. Nunua pakiti mbili za aina moja, kwani kubadilisha aina ya bomba katikati ni kubadilisha dozi bila kumwambia daktari. Ikibidi kubadilisha, mwambie, na upime sukari kwa karibu siku chache.

Macho au mikono ikikusumbua, kalamu ya nusu yuniti, kama paka wako anaweza kutulia kwa hesabu ya kumi. Ukiwa na ndugu anayekuja na kurudi Uingereza bila kukosa, U-40 na mabomba yake ya U-40, vyote pamoja au visije kabisa. Ukiwa na watu watatu wanaopokezana kudunga, aina moja tu ya bomba ndani ya nyumba. Nyingine zote zitoke.

Vyovyote utakavyochagua, siku moja utadunga na kuhisi manyoya yamelowa. Nusa: insulini ina harufu ya dawa ya hospitali, utaijua. Usirudie dozi. Hujui ni kiasi gani kimeingia, na paka mwenye sukari ya juu kwa saa 12 atakusubiri, ila mwenye dozi mbili huenda asikusubiri. Asali iwe karibu, na namba ya daktari iwe kwenye simu ya kila mtu.

Ukienda kemisti, usiseme "sindano za insulini". Sema: "Nataka za yuniti mia, mililita sifuri nukta tatu, zenye alama za nusu." Wakikuambia hawana, omba za 0.3 za yuniti nzima. Wakikusukumia za mililita 1, shukuru uondoke. Nilizozinunua mwanzoni bado ninazo, pakiti nzima kasoro tatu. Zinatia mafuta kwenye cherehani vizuri sana.